Machweo ya Forodhani

Mwambao wa Tanzania Bara unatazama mashariki. Mkaazi wa Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam huliona jua likichomoza baharini, bali jioni hulikuta likizama nyuma ya nyumba na minazi. Ndiyo maana familia zetu zinapovuka kwenda Unguja, watoto huiulizia Forodhani kabla hata mizigo haijatua, kwani hapo jua huingia majini mbele ya macho ya mtu. Wakirudi, kundi la WhatsApp la msikiti hujaa picha: anga la chungwa juu, bahari nyeusi chini, doa jeupe katikati. Ukiziona tatu umeziona zote.

Kasoro si ya simu. Mpigaji amelielekea jua peke yake, akavisahau vyote vilivyo baina yake na jua. Forodhani haikosi vitu hivyo. Kuna ngalawa zilizofungwa, moshi wa majiko ya mishikaki, kisiwa cha Bawe upande wa machweo, na vijana warukao baharini kutoka ukutani, mchezo wenyewe wauitao makachu. Chagua kimoja, ukiweke pembeni mwa picha. Mstari wa bahari uwe chini ikiwa mawingu yamelipamba anga. Uwe juu ikiwa uzuri umo majini. Kisha gusa kioo cha simu penye anga ling'aalo, uteremshe mwanga. Ngalawa itageuka umbo jeusi, kila kamba yake ikionekana, na rangi za anga zitarejea.

Umbo hilo jeusi lina faida nyingine kwetu sisi. Mama aliyevaa buibui, akiwashika wanawe mkono mbele ya jua, huingia katika picha na stara yake ikabaki kamili, kwa kuwa hakuna awezaye kumtambua. Lakini mchoma mishikaki aliyemulikwa usoni na makaa ni jambo jingine, na kijana wa makachu aliyegeuka kukutazama vilevile. Hao huombwa ruhusa. "Assalamu alaikum, mzee, naomba nikupige picha," ni maneno machache, na mara nyingi hujibiwa kwa tabasamu. Akikataa, amekataa. Mgeni asiyejua lugha pengine ana udhuru. Sisi tunaosalimiana nao kwa salamu moja hatuna. Na picha ya mke au binti wa mtu aliyeketi ukutani na jamaa zake, ikatumwa kwa watu wasiomjua, siioni kuwa kumbukumbu ya safari hata kidogo.

Mara nyingine picha bora iko mgongoni. Nusu saa ya mwisho, mwanga wa manjano hupiga kuta za Ngome Kongwe na za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Geuka, uitazame.

Kwa atakaye mchanga badala ya ukuta, kuna ufukwe wa Shangani hatua chache tu, au Kendwa huko kaskazini. Hapo kalenda ya Hijria ni msaada mkubwa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hujaa takriban saa kumi alasiri. Kwa hiyo jua linapotua bahari imekwisha kuanza kupwa, nayo huacha mchanga uliolowa, ukiakisi anga kama kioo. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi, mambo hugeuka: alasiri maji yako chini, na magharibi yanapanda. Mwenye watoto wadogo aliangalie hilo kabla ya kuangalia picha.

Limebaki suala la wakati. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Tangu liguse maji hadi litoweke ni kama dakika mbili. Kipindi kilichotangulia hakina mgongano, maadamu Alasiri imekwisha kuswaliwa, kwani baada yake hakuna sunna zisizo na sababu hadi jua lizame. Mgongano huja jua likishatoweka. Adhana inatolewa, na dakika kumi au kumi na tano baadaye mawingu huweza kuwaka wekundu kuliko mwanzo. Watu husimama ukutani na simu zao hali imamu anakimu. Sioni la kujadili hapo: misikiti ya Mji Mkongwe iko karibu mno na ufukwe.

Rangi kali kabisa huenda ikakupita. Lakini rakaa tatu haziimalizi shafaki, wekundu uleule ambao kutoweka kwake ndiko kunakoingiza wakati wa Isha. Ukitoka msikitini utaikuta bado chini ya anga la buluu iliyokolea, taa za wachuuzi zimewashwa, na maji yanazirudisha. Kwa picha za watu na majiko, huo ndio mwanga niupendao zaidi.

Na familia itakayokutwa na Magharibi ufukweni haina haja ya kuhangaikia dira. Unguja na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Anayelitazama jua likizama, kibla kiko mkono wake wa kulia.