Fimbo ya Maharage

Nina kigugumizi tangu utoto. Hapa Nyakahanga wanaonifahamu hawashangai, hunisubiri nimalize. Lakini mzee wa kanisa aliponipangia kusoma neno Jumapili, usiku kucha sikulala.

Nilishika mimbari kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. Neno la kwanza likakataa. Nikajaribu tena, likakataa. Mtoto alicheka, mama yake akamnyamazisha, na huko kunyamazishwa kuliniuma kuliko kicheko. Mzee alisoma badala yangu.

Kesho yake tulikuwa uani na mama tukipiga maharage kwa fimbo. Namweleza aibu yangu, ghafla akanikatiza: "Mwanangu, mbona hapa unasema vizuri?" Sikuwa nimegundua. Fimbo ikipanda navuta pumzi, ikishuka neno linatoka nayo.

Mpwa wangu anayesomea tiba alinieleza kwamba mkono na ulimi huenda pamoja. Mtu akisema "mkubwa hivi," mkono huanza kuinuka kabla neno halijatoka, ukalifikia kwa wakati wake. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow, waliandika kwamba hata vipofu wa kuzaliwa, ambao hawajaona mkono wa mtu, hutumia mikono wakizungumza, hata na kipofu mwenzao. Kwa hiyo si maonyesho kwa msikilizaji tu. Na Rachel Mayberry na mwenzake walioangalia watu wenye kigugumizi waliona kwamba neno likikwama, mkono nao husimama, ukalisubiri. Hilo lilinigusa. Miaka yote nilidhani mwili wangu umenisaliti, kumbe kiungo kimoja kilikuwa kinamngoja mwenzake!

Nikarudi Kutoka 4. Sote tunakumbuka Musa akilalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Mimi nimeutumia mstari huo kama kinga mara nyingi. Sikuwa nimezingatia kwamba kabla ya malalamiko hayo, katika sura hiyo hiyo, Mungu alikwisha kumuuliza ana nini mkononi. Ilikuwa fimbo. Na Mungu hakumwondolea Musa uzito wa ulimi. Alimpa Haruni wa kusema naye, akamwambia aichukue ile fimbo. Nimeomba miaka mingi niponywe, na sijaacha kuomba, ila siku hizi naomba bila hasira.

Nilimwomba mzee anipangie tena. Safari hii sikushika mimbari. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya Biblia, wa kulia ukigonga paja taratibu, mahali wasipoona watu. Katikati ya somo neno moja lilikwama. Mkono ukasimama. Nikauacha usimame. Kanisa lote kimya. Mama, benchi la tatu, aliinua kiganja chake kidogo, akakishusha gotini, na neno likatoka.