Breki Kubwa, Tairi Kipara

Kazi yenyewe ilikuwa maneno 60. Duka moja la vipuri hapa Nairobi lilitaka maelezo mafupi ya bidhaa mpya: kalipa za Brembo kutoka Japani, nyekundu, pistoni nne mbele, zimetolewa kwenye Subaru Impreza STI na zinaweza kufungwa kwenye Impreza na Forester za kawaida. Mwenye duka alinitumia picha tatu na sentensi moja ambayo lazima iwemo. Ilisema ukifunga hizi, gari lako litasimama kwa nusu ya umbali wa kawaida.

Mimi huandika chochote kinacholipa. Nimeandika kuhusu magodoro, dawa ya kunguni, na hotuba ya bwana harusi ambaye hadi leo sijawahi kumwona. Lakini hiyo nusu ilinikwama kooni. Niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa tatu, karo iliposhindikana, na sikuondoka na cheti. Nilichoondoka nacho ni kutambua sentensi kama hiyo ikiwa uongo.

Ningeibadilisha kimyakimya nikalipwa na kusahau, ila wiki hiyo hiyo binamu yangu alikuwa anachanga pesa za kununua kalipa kama hizo. Zake alikuwa amezipata Grogan, bei sawa na kodi yangu ya nyumba ya miezi sita. Na si kwamba alitaka sifa tu. Sifa alizitaka pia, ni kijana wa Subaru, tusidanganyane. Lakini zaidi ya sifa, alikuwa ameogopa.

Mwezi wa nane alikuwa amembeba mama yangu na shangazi wawili kwenda kupeleka mahari Narok. Nyuma kulikuwa na kreti za soda, unga, na sufuria mbili za kukodi. Walipita njia ya Mai Mahiu, ile barabara ya ukingoni mwa bonde ambayo mateka wa Kiitaliano waliijenga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa lao dogo bado liko kando yake. Mbele kulikuwa na lori linalotambaa. Binamu akakaa nyuma ya hilo lori, gia kwenye D, mguu kwenye breki, kona baada ya kona. Kwanza ikaja harufu, kama waya unaoungua. Kisha pedali ikalegea.

"Prof, ilikuwa kama kukanyaga godoro," aliniambia. Ananiita Prof tangu niache chuo. Ni utani wa familia, nimeuzoea.

Aliweza kuingia kando, pale wanapouza ngozi za kondoo na mahindi ya kuchoma, pedali ikiwa karibu kugusa sakafu. Mama alishuka bila kusema neno, akatoa mkoba wake, akasimamisha matatu. Tangu siku hiyo hajapanda hilo gari. Kwa hivyo zile kalipa nyekundu, ukimsikiliza vizuri binamu, zilikuwa njia yake ya kumwomba mama yangu msamaha. Ndiyo maana sikuweza kumcheka.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Gari husimamishwa na nini? Watu wengi watakujibu ni breki, na wamekosea kidogo tu, lakini hicho kidogo ndicho kinakula pesa. Breki husimamisha gurudumu. Anayesimamisha gari ni tairi, kwa sehemu ndogo inayogusa lami, ambayo kwa kila tairi ni kama kiganja cha mkono. Viganja vinne vimebeba tani moja na nusu.

Kipimo unacho tayari garini. Siku barabara iko tupu na kavu, nyuma yako hakuna mtu, kanyaga breki hadi mwisho. Ukisikia ABS inatetemesha pedali, maana yake breki zako zina nguvu kuliko uwezo wa tairi kushika lami, na kompyuta inaziachia mara nyingi kwa sekunde ili tairi isiburute. Ukifika hapo, umefika mwisho. Diski iwe ya milimita 277 kama ya Impreza ya kawaida au 326 kama ya STI, kiganja ni kile kile. Kutoka kilomita 100 kwa saa, gari lenye tairi nzuri kwenye lami kavu litahitaji mita 40 hivi kutoka pale breki zinapoanza kuuma. Kalipa kubwa itafanya ufike kwenye kikomo hicho kwa kukanyaga kidogo zaidi, basi. Ile nusu ya mwenye duka haiko popote.

Halafu kuna umbali ambao hakuna duka linaweza kukuuzia dawa yake. Ukiwa kwenye 80, gari linameza mita 22 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kwa sababu ulikuwa unasoma meseji, hizo mita 22 zimeenda kabla breki hazijajua kuna shida.

"Sawa Prof," akasema, "lakini yangu haikukosa tairi. Iliisha breki."

Na alikuwa na hoja. Hapa ndipo breki kubwa zina kazi halali, na kazi hiyo ni joto. Breki haifuti mwendo, inaugeuza kuwa moto na kuuhifadhi kwenye diski hadi upepo uuchukue. Diski kubwa ni kama sufuria kubwa, inachukua muda mrefu kupata moto. Nilimpigia hesabu nyuma ya risiti ya supamaketi. Tuseme umeshuka mita 500 kwenda chini ukiwa umeshikilia breki muda wote. Moto huo, ukiacha ule unaochukuliwa na upepo na injini, unakaribia ule wa kusimama ghafla kutoka kilomita 100 mara 13. Uzito wa gari haubadilishi hiyo 13, unajikata pande zote mbili za hesabu. Hata shangazi wawili hawabadilishi, nilimwambia, ila usiwaambie nimesema.

Mara 13, bila kupumzika. Breki za kawaida zimetengenezwa zisimame, zipoe, zisimame tena. Kwa hivyo kalipa za STI zingemsaidia Mai Mahiu? Kidogo, ndiyo. Lakini pedali yake ilikuwa imetuambia jambo jingine, na mtu haulizi pedali.

Breki zinapozidiwa na moto kuna njia mbili za kushindwa. Ya kwanza, pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami. Hapo padi zimepita joto lake na zimeacha kuuma. Ya pili, pedali inakuwa laini na kushuka chini. Hapo mafuta ya breki yamechemka, na povu likiingia kwenye mabomba, mguu wako unabana povu badala ya kusukuma pistoni. Binamu alisema godoro. Godoro ni mafuta.

Na mafuta ya breki huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu yananyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. Gari la binamu lilitoka bandarini Mombasa miaka minne iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyewahi kubadilisha hayo mafuta. Fundi alipofungua kile kichupa, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukifunga Brembo juu ya mafuta kama hayo, umenunua sufuria ya bei ghali na kuacha kifuniko kilichotoboka.

Kilichobaki ni lile lori. Binamu alikuwa analilaani kwa kutambaa, kumbe dereva wake ndiye alikuwa anajua kazi. Wazee wa malori wanasema shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Injini inashikilia gari, breki zinapumzika, na kwenye gari la otomatiki ndiyo kazi ya zile 2 na L ambazo vijana wengi wanadhani ni mapambo. Wapo wanaofanya kinyume, wanaweka nyutro kuokoa mafuta. Magari mengi ya siku hizi hukata mafuta kabisa ukiachia eksileta ukiwa ndani ya gia, kwa hivyo hata hicho wanachookoa hakipo. Ukipita Salgaa, ule ukuta wa zege uliojengwa katikati ya barabara unakueleza bei ya huo mchezo.

Lakini kijana wa Subaru humshawishi kwa fizikia peke yake. Nilimkumbusha Naivasha. Tangu 2021 Safari Rally ilipowarudisha madereva wa dunia, yeye huenda kila mwaka, anarudi amejaa vumbi hadi masikioni. Nikamwuliza kama amewahi kuangalia ndani ya magurudumu. Yale magari ya mamilioni, kwenye vumbi la Naivasha, hufunga rimu za inchi 15 na diski za milimita 300. Diski kubwa za 370 hutolewa kwenye mashindano ya lami, pamoja na rimu za inchi 18. Vumbi halishiki tairi kama lami, kwa hivyo breki kubwa hapo ni mzigo tu. Wahandisi wenye pesa zote hizo wanachagua breki kufuatana na tairi.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Na rimu?"

Swali zuri. Kalipa za STI zinataka rimu za inchi 17. Gari lake lina 15. Kwa hivyo ongeza rimu nne, na tairi nyembamba za kuzivaa, na uzikutanishe na mashimo yetu. Ukifunga za mbele tu, unavuruga mgawanyo wa kazi kati ya mbele na nyuma ambao kiwanda kilipima. Ile miezi yangu sita ya kodi ilikuwa ni mlango tu, nyumba ilikuwa bado.

Sitasema hazifai kwa mtu yeyote. Kama umeongeza nguvu za injini, kama unakimbiza gari kwenye mashindano wikendi, kama kila siku unashuka milima ukivuta mzigo, joto ni adui wako kweli na breki kubwa ni silaha halali. Ila nenda na macho mawili, sokoni kuna hadi vifuniko vya plastiki vyekundu vya kubandika juu ya kalipa ya kawaida. Kwa gari la kazini na mjini na Krisimasi ushago, anza na tairi. Angalia tarakimu nne ubavuni: 3517 maana yake imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Hizo ndizo tulizosoma kwenye tairi za nyuma za binamu, na zilikuwa kipara.

Duka niliwaandikia maneno yao 60. Niliandika kwamba kalipa hizi huvumilia joto kwa dereva anayesimama kwa nguvu mara nyingi, na kwamba mnunuzi aulize kwanza kuhusu rimu. Mwenye duka alinilipa siku hiyo hiyo, bila ubishi. Kesho yake ile nusu ilikuwa imerudi mwishoni, kwa herufi kubwa.

Binamu alinunua tairi nne mpya, padi nzuri na mafuta ya DOT 4, na chenji ikabaki. Jumapili moja tulishuka Mai Mahiu sisi wawili, gia ya pili, nyuma ya lori jingine, bila kulipigia honi. Chini tulisimama, tukanusa magurudumu kama mbwa wa polisi. Hakukuwa na harufu. Njiani kurudi alipitia dukani akanunua kopo la rangi nyekundu ya kustahimili joto, akapaka zile kalipa zake ndogo, na nakiri zimependeza.

Mama nilimweleza yote, hadi ile hesabu ya 13. Alisikiliza akichambua mboga. Kuhusu Desemba, amesema atafikiria.