Shingo yangu na simu

Mwezi uliopita niliamka shingo haigeuki, vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Niliogopa, maana vidole hivi ndivyo vinavyonilisha. Nililaumu mto, kumbe ni simu niliyokuwa nikiiinamia hadi usiku wa manane.

Kichwa kina uzito wa kilo 5 hivi. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa mgongo wa New York, alikadiria kwamba kikiinama nyuzi 60, shingo hubeba kama kilo 27. Zaidi ya nusu mfuko wa saruji!

Mtaalamu wa fiziotherapia alinifunza: inua simu usawa wa macho, pumzika kila dakika 20, vuta kidevu nyuma mara 10. Ganzi imeisha. Yako ikianza, usingoje, muone daktari.