Kujitayarisha kwa Safari ya Kwanza: Toka Kalemie Mpaka Bagamoyo

Wazee wetu walinena: haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa mara nyingi kwa ajili ya fedha, lakini yafaa vilevile kwa safari. Safari haianzi siku ya kupanda chombo. Huanza jioni ile baba na mama wa nyumba wanapoketi pamoja, wakafungua daftari na kuandika: tutakwenda wapi, kwa sababu gani, na kwa fedha ipi.

Siku hizi jamaa nyingi za kando ya ziwa Tanganyika zatamani kupitisha likizo kubwa, ile tunayoiita vakansi, nje ya nchi. Hilo si ajabu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na watu wengi wa kwetu wana ndugu au rafiki ng'ambo. Lakini kuvuka ziwa peke yako kwa biashara ya siku mbili ni kazi moja, na kwenda pamoja na mke na watoto kwa majuma matatu ni kazi nyingine. Sisi wa Kalemie, jamaa tatu za parokia moja, tulijitayarisha kwa miezi saba kabla ya kwenda Bagamoyo, mji wa Tanzania ulio kando ya Bahari ya Hindi. Twapenda kuwaeleza yale tuliyoyatengeneza, ili nanyi mpate kufaidika.

Kwa nini Bagamoyo?

Tuliulizwa swali hili mara nyingi. Wengine walisema: "Kama ni bahari tu, si ziwa letu lina maji ya kutosha?" Kweli, Tanganyika ina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kina chake chapita mita 1,400. Kwa maji hatuna njaa. Sababu yetu ilikuwa nyingine.

Katika karne ya 19, njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Toka Ujiji watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na mashua wakaingia kwetu, mpaka Manyema. Kwa njia hiyo pembe za ndovu zilikwenda pwani, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Wafanya biashara walitoka pwani, lakini walisaidiwa na watu wa kwetu wenyewe, waliowateka jirani zao. Yafaa kusema kweli mbele ya watoto, wasije wakadhani ubaya ni wa kabila moja tu.

Njia ile ile ilileta neema. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walitoka Zanzibar wakaanza misioni Bagamoyo, wakajenga kijiji kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1878 Mapadri Weupe wa kwanza, waliotumwa na Askofu Lavigerie, walianza mwendo wa miguu toka Bagamoyo, na baadhi yao wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Kutoka huko Injili ilivuka mpaka kwetu. Mwaka 1893 misioni ya Baudouinville ilianzishwa, ndiyo Moba ya leo. Na huko, mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika wana wa Kongo ya wakati wetu. Basi tulitaka watoto wetu waione njia hiyo kwa macho yao.

Neno la bibi

Katika mojawapo ya jamaa zetu kuna bibi aliyepita miaka 80. Aliposikia habari ya safari hakupendezwa. Alisema: "Watoto hawa mnawapeleka Ujiji? Waliopelekwa Ujiji hawakurudi." Hakuwa akitania. Bibi yake mwenyewe alikuwa amemsimulia juu ya watu wa kijiji chao waliochukuliwa usiku mmoja, na tangu siku hiyo hawakusikika tena.

Tuliona vema kutolipuuza neno lake. Jioni tatu mfululizo watoto waliketi mbele yake, wakamsikiliza. Wakubwa waliandika katika madaftari yao. Mtoto mmoja akauliza majina ya watu wale. Bibi alifikiri sana, kisha akajibu: "Majina yalipotea pamoja nao." Mwishoni akatukubalia, kwa sharti moja: tutoe nia ya Misa kwa ajili yao huko pwani. Tukaiandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari la safari: "Kwa ajili ya wote waliopita njia hii na hawakurudi."

Kwa hiyo twasema: kabla ya kununua sanduku, waulizeni wazee. Anayekwenda nchi ya kigeni bila kujua habari za kwao atarudi na picha tu.

Karatasi na afya

Pasipoti ndiyo ya kwanza. Hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje, na huenda ikakawia. Basi iombwe miezi mingi mbele, kila mtu yake, hata mtoto mchanga. Habari za viza na malipo ya mpakani hubadilika. Mwulize ubalozi wa Tanzania au afisa wa uhamiaji mwenyewe, wala usitegemee maneno ya bandarini. Watoto wawe na cheti cha kuzaliwa. Na kama mzazi mmoja habaki nao safarini, aandike ruhusa yake mbele ya serikali.

Baada ya pasipoti yafuata kile kijitabu cha manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania hukitaka kwa watu watokao Kongo. Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote ya mtu. Katika kundi letu mama mmoja alipeleka watoto wake kuchanjwa mwezi mzima mbele. Wengine walimcheka kwa haraka yake. Lakini jirani yetu mwingine, aliyetaka kujiunga nasi, alichanjwa siku nne tu kabla ya kuondoka. Ikampasa kubaki nyuma. Tena msisahau vyandarua: mbu wa malaria hawaulizi pasipoti.

Fedha

Kanuni yetu ilikuwa hii: minervali ya Septemba itengwe kwanza, kisha ndipo tuhesabu safari. Baba anayekopa ili apumzike atarudi kwenye taabu mara mbili. Kila nyumba ilikuwa na kopo lake, na kila mwisho wa mwezi fedha zilihesabiwa mbele ya watoto, ili wajue kwamba safari ni jasho la wazazi.

Tuligawa fedha katika bahasha nne: nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, ugonjwa na mambo ya ghafula, zawadi. Bahasha ya nauli ya kurudi ilishonwa katika kitambaa na kukabidhiwa kwa mama mmoja mwenye moyo mgumu. Hakuifungua hata tulipomwomba. Kwetu dola na franga hutembea pamoja. Ng'ambo hulipwa shilingi, nawe utabadili fedha benki au katika duka lenye ruhusa. Dola iliyochanika au iliyochakaa yaweza kukataliwa. Chagueni zilizo safi tangu nyumbani.

Njia

Toka Kalemie mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 120 za maji. Likizo yetu kubwa huangukia Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, nao upepo wa kusini huchafua ziwa. Basi chagueni chombo chenye maboya ya kuokolea, na mkiona kimepakiwa kupita kiasi, shukeni, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Maziwa yetu yamewameza wengi kwa sababu ya haraka ya siku moja. Tuliacha pia siku tatu tupu katika hesabu yetu, kwa sababu chombo cha ziwani hakina saa kama kengele ya kanisa.

Ukifika Kigoma, peleka saa yako mbele kwa saa moja. Tena angalia vizuri: tikiti huandikwa kwa saa za kizungu, lakini watu husema kwa saa za Kiswahili. Palipoandikwa 20:00, mwenyeji atasema saa mbili usiku. Wafundisheni watoto kwamba huko magari hupita upande wa kushoto. Kabla ya kuvuka barabara watazame kwanza kulia.

Ujiji u karibu na Kigoma. Huko kuna ukumbusho wa mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Huko pia wamo Wamanyema, wajukuu wa watu waliovuka toka upande wetu, wengine kwa nguvu, wengine kama wapagazi na wafanya biashara. Tulisalimiwa kama ndugu. Bibi alikuwa amesema kwamba waliopelekwa hawakurudi. Watoto waliona kwamba walau baadhi ya waliovuka waliishi, wakazaa.

Toka Kigoma reli ya zamani, iliyofika ziwani mwaka 1914, huenda mpaka Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,200. Chukueni mablanketi, kwa maana katika nyanda za juu usiku ni baridi, na maji safi ya kunywa. Chakula huuzwa katika vituo, lakini mtoto hangoji kituo. Tangu mwaka 2024 kuna pia treni ya umeme katika reli mpya kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Mizigo iwe michache, wala msichukue mifuko ya plastiki ya kubebea. Tanzania iliikataza tangu Juni 2019. Vikapu vyetu vilitufaa sana.

Lugha na adabu

Tulidhani Kiswahili ni kimoja. Ni kimoja, lakini kina nguo nyingi. Sombe yetu huko ni kisamvu, bukari ni ugali, ndagala ni dagaa, lenga-lenga ni mchicha. Watoto waliandika maneno hayo ukutani nyumbani, wakayajua kabla ya kuondoka. La maana kupita yote ni salamu. Mtoto akimwona mkubwa husema "Shikamoo", naye hujibiwa "Marahaba". Mtoto asiyesalimu huko huaibisha wazazi wake, hata kama anajua Kifaransa chote.

Pwani wengi ni Waislamu. Mavazi yawe ya heshima, wala watu wasicheke wakisikia wito wa sala. Mkristu hujulikana kwa upendo wake katika nchi ya watu. Tena msipige picha za askari, bandari wala madaraja bila ruhusa.

Roho nayo ijitayarishe

Wengine huweka chini kitabu cha sala mara wanapochukua sanduku, kana kwamba Mungu amebaki Kalemie. Sisi tulimwomba padri wetu baraka ya wasafiri, tukapokea sakramenti ya kitubio, kisha tukaandika katika daftari kila Dominika ya safari na kanisa tutakalosikilizia Misa. Watoto walikuta Misa ileile. Nyimbo nyingine walizijua, nyingine walijifunza.

Bagamoyo yenyewe ni mji mtulivu, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam. Katika misioni ya zamani tuliona njia yenye miembe, makaburi ya wamisionari, wengi wao waliokufa vijana, na kanisa ambamo maiti ya Livingstone ililazwa mwezi wa Februari 1874, baada ya kuchukuliwa na watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, kwa mwendo wa miezi mingi. Ufukweni kuna msalaba unaokumbusha kufika kwa wamisionari mwaka 1868. Baharini palepale ndipo watumwa walipopakiwa.

Nia ya bibi ilisomwa katika Misa ya asubuhi. Padri hakuongeza neno. Baadaye mtoto yule aliyeuliza majina alitushika mkono akasema: "Basi sasa wametajwa." Tukamjibu kwamba Mungu hakupata kuyasahau majina yao hata siku moja.

Wasomaji wapenzi, si kila jamaa itaweza kufika baharini, wala si lazima. Anayekwenda Moba, Mpala au Albertville ya zamani, ambayo ndiyo Kalemie yenyewe, ana mengi ya kuona. Lakini popote mwendapo, jitayarisheni: karatasi mapema, fedha bila deni, chombo salama, salamu mdomoni, sala moyoni, na habari za wazee katika daftari. Na mkirudi, nendeni kwanza kwa yule mzee aliyebaki nyumbani, mkamweleze yote. Yeye naye amesafiri pamoja nanyi.

Mungu awabariki, na Bikira Maria awasindikize njiani.