Dakika Tatu za Kibondo

Mpwa wangu, aliyesomea mambo ya mitandao Dodoma, alikuja Mtendeli likizo akanieleza kuwa swichi za kisasa, zile zinazopitisha data mtandaoni, zina akili. Zinaweza kupima nafasi iliyobaki kwenye njia, kuamua nani atangulie, na njia ikijaa kumkatalia anayebisha hodi. "Zamani hamkuwa na kitu kama hicho, mjomba." Nilimtazama tu. Kitu hicho kilikaa posta ya Kibondo, kilivaa kitenge na miwani, na kilikuwa kikali.

Enzi hizo tulikuwa chini ya Kibondo. Wilaya yetu ya Kakonko imekuja 2012. Ukitaka kupiga simu Tabora au Dar es Salaam unaandikisha namba dirishani, unalipa, unakaa kwenye benchi. Nyuma ya dirisha alikuwapo opereta na swichibodi yake: safu za matundu, kila tundu na kifuniko kidogo kinachoanguka tak! mtu akikoroga simu upande wa pili. Chini yake nyaya zenye ncha za shaba, jozi jozi. Anachomeka moja, anauliza "Namba?", anachomeka ya pili. Harufu ya tindikali ya betri ilitufikia benchini, imechanganyika na gundi ya stempu. Hadi leo nikipita kwa fundi betri hukumbuka benchi lile.

Wenye kutaka simu walikuwa wengi kuliko laini za kwenda Kigoma. Hapo ndipo ukali wake ulipokuwa na kazi. Hospitali na polisi hawakupanga foleni. Wauza maharage walipanga. Dakika tatu zikiisha aliingilia kati: "Dakika tatu zimekwisha, unaongeza?" Kuongeza kulitegemea benchi: pakiwa na mfiwa anayesubiri, huongezewi hata uwe na noti kiasi gani. Lakini ukishaunganishwa, waya ule ni wako. Hakuna aliyekuja kukumegea sauti.

Ilikuwa mwaka gani? Stakabadhi moja ninayo, mhuri umefutika, imebaki 8 peke yake. Basi, miaka ya themanini, kabla shirika la Posta na Simu halijagawanywa.

Kisha zikaja simu za mkononi, na kupanda kilimani kutafuta mtandao. Minara ile ya mwanzo bado ilikuwa na adabu ya opereta: kila chaneli ya masafa iligawanywa nafasi 8 za muda, zikijaa unaambiwa ujaribu baadaye. Januari 2016 kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ikafunguliwa tena kwa ajili ya Warundi, na jioni mtandao ukajaa, ikawa shida hata kusalimia kwa simu. Desemba 2021 ikafungwa, watu wakahamishiwa kambi ya Nduta. Tukadhani tutapumua. Wapi! Sasa kila kijana anaangalia video.

Na intaneti ya kawaida haimkatalii mtu. Wote wanaingia, kila mmoja anapewa kipande, na saa mbili usiku vipande havitoshi hata picha moja. Alama za mtandao zimejaa juu ya kioo, lakini ukipiga kuarifu msiba sauti inakatika katikati ya jina la marehemu.

Mpwa anasema dawa ipo: pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, huwekewa alama, swichi huisoma, sauti ikatangulia na video ikasubiri. Nikamuuliza alama anaweka nani. Akasema wahandisi, kwa aina ya huduma. Na anayepigia ndugu zake WhatsApp kuwaarifu msiba anatumia bando la data sawa na anayeangalia katuni, kwa hiyo foleni yao ni moja.