Mauti Baina ya London na Mkunazini

Rafiki yangu mmoja, mzee wa Kiingereza niliyekuwa nikiketi naye benchi moja kanisani kusini ya London, aliambiwa na tabibu wake, uso kwa uso na bila ya kuzungushwa maneno, kuwa maradhi yake hayana tena dawa. Naye akashukuru, akarejea kwake, akaita wakili aandike wasia, akamwandikia barua nduguye waliyenuniana tangu ujanani, kisha akachagua mwenyewe nyimbo za maziko yake. Mimi niliyezaliwa Mkunazini, mjini Unguja, nikalelewa katika itikadi kuwa kumtajia mgonjwa mauti ni kumwitia, nilisikia baridi moyoni.

Mzee yule alifia katika nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ya namna ile aliyoianzisha Cicely Saunders mjini humo mwaka 1967, mwanamke Mkristo aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, ambaye alifundisha kuwa dawa ya maumivu hupewa mgonjwa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, wala hangojwi mpaka alie. Na kuwa katika uchungu wa mtu anayekufa mna uchungu wa mwili, wa nafsi, wa jamaa na wa roho, uliosukwa pamoja. Nilimwona muuguzi akichovya kijisifongo katika maji na kumlowesha mzee midomo, taratibu, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Ila wageni hawakuwapo. Wanawe walikuja kwa miadi; jirani wa mlango wa pili hakujua; na maiti ilingoja karibu majuma 3, ikazikwa kwa ibada ya dakika 40, tukaagana nje kwenye manyunyu, kila mtu akashika njia yake.

Mwaka uliofuata nikaitwa Unguja, mama yangu mdogo yu kitandani. Nyumba, kama ilivyo desturi ya kwetu, haikukaukiwa watu. Tangu alfajiri wanawake wa mtaani, aghalabu yao Waislamu, maana sisi Wakristo wa Unguja tu wachache, waliingia wakivua viatu kizingitini, huyu na bakuli la uji lililofunikwa kawa, huyu na kanga iliyofukizwa udi, yule akaketi tu miguuni pa kitanda akimkanda nyayo. Kila aingiaye huuliza, "Waonaje hali?" na kabla hajajibiwa hujijibu mwenyewe, "Utapona, inshallah." Tabibu alikuwa amemwambia mjomba kweli yote, na mjomba akatuapisha sote tusifumbue kinywa. Usiku mmoja, wageni wamekwisha kutoka, mgonjwa akanishika mkono: "Mwanangu, mbona kila mtu aniambia nitapona, wala hakuna anitazamaye machoni?"

Sikuwa na jawabu. Asubuhi nilikwenda kuketi katika Kanisa Kuu, hatua chache kutoka nyumbani. Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Naye mwenyewe, alipofariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Humo umo msalaba uliochongwa kwa mti wa kijijini kwa Chitambo, ule ambao chini yake Susi, Chuma na wenzao, watumishi wa msafiri David Livingstone, walizika moyo wa bwana wao alipofariki, kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miezi mingi, maili 1,000 na zaidi, hata Bagamoyo. Susi hakuwa Mkristo wakati ule. Alibatizwa mwaka 1886, akafa Unguja mwaka 1891. Msalaba ule nimeutazama tangu utotoni nisilione hili: kwamba watu wale hawakujidanganya kuwa bwana wao amelala, wala hawakumwacha peke yake.

Wako ndugu zangu wasemao kuwa kumwambia mgonjwa kweli ni upungufu wa imani, kwani Mungu aweza kuponya hata saa ya mwisho. Aweza, nami naamini. Lakini tumaini la Mkristo halikusimama juu ya kupona, bali juu ya ufufuo, na hafufuki ila aliyekufa. Basi kumficha mtu mauti yake ni kumnyang'anya maungamo yake, na msamaha atakao kuutoa, na nafasi ya kumwita padre ulimi ungali mwepesi. Mara ngapi mpako wa wagonjwa umeletwa kwetu kwa mtu asiyemjua tena aliyemgusa! Wala si kweli kuwa haya yawezekana Uzunguni tu: mwaka 1993, mjini Kampala, daktari Anne Merriman alianzisha huduma ambayo wauguzi wake huingia majumbani na chupa za mofini ya maji, wakamtuliza mgonjwa maumivu hapo hapo alipo, katikati ya jamaa zake.

Nilimkabili mjomba. Alikasirika, akalia, kisha akaingia mwenyewe chumbani akafunga mlango. Alipotoka, mama mdogo aliomba sanduku lake, akagawa kanga moja moja kwa majina, akamwita shoga yake wa nyumba ya pili, Mwislamu waliyekua pamoja, wakatakana radhi kwa jambo ambalo hawakutueleza. Padre alikuja jioni. Alipokuwa akimpaka mafuta kwenye paji la uso, yule shoga alisimama mlangoni na bakuli lake la uji, kanga kaivuta kichwani, akangoja mpaka Amina ya mwisho. Ndipo akaingia, akaketi miguuni, akaendelea kumkanda nyayo.