Nilimnusa Baba

Kwetu Kiandutu, choo kimoja cha shimo kinatumiwa na nyumba kumi, na hakina taa. Hakuna anayeangalia alichoacha mle. Ndiyo maana Baba alikaa siku tatu akiendesha kitu cheusi kama lami bila kumwambia mtu. Siku ya nne alitoka akishikilia mabati, akakaa kwa matope. Suruali ilikuwa na damu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumnusa mdomo.

Sijivunii. Lakini mtaani kwetu mwanaume akifura tumbo na kutokwa damu, watu husema neno moja tu: chang'aa. Baba aliacha pombe nikiwa darasa la tatu. Hata hivyo, majirani wakitazama, nikamuuliza, "Baba, umerudia?" Hakunijibu.

Hospitalini aliongezewa damu, kisha akaingizwa mpira wenye kamera kooni. Daktari, dada wa rika langu, akauliza, "Mzee alikulia wapi?"

Mwea, nikasema. Alipanda mpunga akiwa amesimama majini tangu utotoni.

Akatikisa kichwa, akanieleza. Konokono wa maji yale hubeba kichocho. Mdudu hupenya ngozi, anakua, anaishi miaka kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yake hukwama kwa ini na kuacha makovu. Basi damu inayotoka utumboni ikikuta njia imeziba, inatafuta vichochoro: mishipa midogo ya koo, ya tumbo, hata ya njia ya haja kubwa. Inavimba, inavimba, hadi mmoja unapasuka. Pombe huharibu ini pia, na mishipa huvimba vivyo hivyo. Kwa nje huwezi kutofautisha.

Walifunga mishipa kwa vijiraba, wakampa vidonge vya kupunguza presha ndani yake, na prazikwanteli ya kuua minyoo. Minyoo itakufa. Makovu yatabaki, na damu inaweza kurudi.

Kiandutu kwa Kikuyu ni mahali pa funza. Mdudu huyo tunamjua, tunamtoa kwa pini. Wa Baba hatukumwona, tukamwona yeye mlevi.

Tuliporudi nilimwomba msamaha. Akanyamaza kidogo. "Mbele ya watu, kijana wangu," akasema.

Kesho yake nilinunua tochi, nikaitundika kwa msumari kando ya mlango. Kila asubuhi anaichukua akienda choo. Akirudi ananiambia rangi.